Kwa Nini Nyumba ya Kinu cha Ilundule Ina Kuta Tatu

Kulikuwa na wakati ambapo kijiji cha Ilundule kiliamshwa na mawe. Jogoo walikuwepo, lakini hakuna aliyewajali. Kabla ya mwanga, mwanamke wa kila nyumba alipiga magoti nyuma ya jiwe lake la kusagia, akashika lile jiwe dogo la kusukuma kwa mikono miwili, akaanza kusaga ulezi wa uji. Nyumba zilisimama mbalimbali, kila moja kwenye kilima chake, na katikati palikuwa na mabonde na ukungu. Mtu aliweza kukaa muda mrefu asiuone uso wa jirani yake. Lakini kila alfajiri alimsikia.

Kila jiwe lilikuwa na sauti yake. La Twilumba lilikwaruza kwa sababu lilikuwa na ufa. La nyumba ya Mzee Nyagawa lilikuwa zito, kama mtu anayeburuta gogo. Aliyekuwa bado kitandani alisikiliza, akajua nani ameamka salama, nani anaumwa mgongo, nani amegombana na mumewe na sasa anasaga kwa hasira. Jiwe lililochelewa lilimfanya jirani ainue kichwa. Jiwe ambalo halikulia kabisa lilimfanya avae na kwenda kutazama.

Kwa sababu hiyo watu wa Ilundule hawakuwa na desturi ya kubisha hodi asubuhi. Salamu zilikuwa zimekwisha kufika. Aliyebisha mlango wa mwenzake kabla jua halijapanda alikuwa ameleta habari ya msiba, na hata watoto walikatazwa kufanya hivyo kwa mzaha. Msikilizaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililowaponza.

Jiwe la kwanza kulia lilikuwa la Sekalinga. Nyumba yake ilikuwa ya juu kuliko zote, ukingoni mwa msitu. Mumewe aliondoka zamani kwenda kukata mkonge pwani na hakurudi. Mtoto wao mmoja, Luhala, alikulia chini ya sauti ile. Alipofikia umri wa kujitegemea alikwenda misheni, mbali kusini, akajifunza useremala na uashi. Sekalinga akabaki peke yake huko juu, na kila alfajiri alianza yeye. Wengine walimngoja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilikuwa tu kwamba aliamka mapema, naye hakuwa na mtu wa kumwandalia wala wa kumchelewesha.

Luhala aliporudi alikuwa mwanamume mzima, mwenye kofia ya kitambaa na sanduku la vyombo. Alikaa siku chache akitazama magoti ya mama yake, yaliyokuwa na ngozi ngumu kama ya kiatu. Kisha akashuka hadi mto Mhanzi na kuanza kuchimba.

Kazi ya kwanza ilikuwa mfereji. Aliutoa juu ya maporomoko, akauzungusha ubavuni mwa kilima hadi mahali maji yangeweza kuanguka kwa nguvu. Hapo alichimba msingi mpaka akafika kwenye mwamba. Akapandisha ukuta wa upande wa mto, na nje yake akaweka gurudumu la mbao. Akapandisha ukuta wa juu, ulioegemea kilima, na ukuta wa chini, wenye mlango. Kuta zilikuwa za mawe ya mto na udongo, nene kiasi kwamba mtu akilaza mkono dirishani vidole havikutokeza nje. Chini ya sakafu ya mbao zilikaa gia zenye meno ya mti mgumu. Juu ya sakafu yalikaa mawe mawili makubwa ya kinu. Juu zaidi, chini ya paa la nyasi, alijitengenezea dari ya kulala.

Ulibaki ukuta wa nne, unaotazama kijiji. Upande huo ndiko upepo ulikotoka, wa baridi, ukishuka kwenye vilima na kuingia ndani ya nyumba moja kwa moja. Siku ya majaribio Luhala alisaga kikapu kimoja cha mahindi, na upepo ukabeba unga mwingi kuliko uliobaki kwenye sanduku. Mbwa waliokuwa wamekuja kutazama waliondoka weupe.

Mawe mazuri ya mto yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa ya duara, yasiyokaa. Ndipo Luhala alipopata wazo ambalo kila mtu alilisifu. Alitangaza kwamba mama yeyote atakayeleta jiwe lake la kusagia kwa ajili ya ukuta atasagiwa mzigo wake wa kwanza bure. Mawe yale yalikuwa bapa na mazito, na hakuna ambaye angeyahitaji tena.

Walikuja kwa vicheko. Walibeba mawe kichwani, mgongoni, wengine wakisaidiana kwa miti. Mke wa Nyagawa alilitupa la kwake chini akalisogeza kwa mguu.

"Lala hapo, mchawi wewe," alisema. "Umekula magoti yangu tangu niolewe."

"Afadhali jiwe," mwingine akajibu. "Lingekuwa na mdomo wa mama mkwe ungefanyaje?"

Luhala aliyasimamisha mawe kwa ubavu, yamebanana, sehemu iliyolika ikitazama nje. Kila moja lilikuwa na bonde katikati, lililochimbwa na mikono ya miaka mingi. Ukuta ulipopanda, ulionekana kama umeota masikio.

Lilibaki pengo la jiwe moja. Luhala alipanda kwa mama yake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Ingia, nyumba ni yako."

Alikaa. Alimweleza kuhusu pengo. Sekalinga alikuwa akichambua maharage na hakuinua macho.

"Weka jiwe la mtoni."

"La mtoni ni duara. Litaanguka."

"Basi weka kofia yako. Tangu utoke misheni huivui, labda huko itapumzika."

Luhala alicheka, akavua kofia. Kisha akasema alichokuja kusema: kwamba yeye ndiye mwenye kinu, na mama wa mwenye kinu hawezi kuendelea kusaga kwa mkono, kwamba unga wake ataleta mwenyewe, kila Jumapili, hadi mlangoni, kwamba magoti yake sasa yatapumzika.

"Magoti yangu hayajakulalamikia," alisema Sekalinga. "Nikilitoa jiwe, alfajiri nitafanya nini?"

"Utalala, mama."

"Nimelala peke yangu miaka mingi, sina hamu ya kuongeza." Alitupa haragwe bovu nje ya mlango. "Na kina Twilumba watajuaje kwamba nimeamka?"

"Watakuona."

"Nani? Huku juu hapiti hata mbuzi wa mtu."

Luhala alirudi mikono mitupu. Aliziba pengo kwa gunia, akaanza kusaga. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimya, isipokuwa jiwe moja, kule juu. Sekalinga alikuwa bado akianza wa kwanza. Alimaliza akanyamaza kidogo, kama alivyozoea, ili wengine wadakie. Hakuna aliyedakia.

Baada ya muda walioishi karibu naye waligundua jambo jingine. Unga wa kinu alikuwa nao, na ulezi wake ulikuwa umekwisha ghalani. Alikuwa akisukuma jiwe juu ya jiwe bila kitu katikati. Habari ilishuka hadi kwenye foleni ya kinu, na foleni haikuiacha.

"Mwenye kinu, mama yako anasaga upepo."

"Labda unga wako una mchanga, mwenzetu ameona."

"Muacheni mama wa watu. Anamsagia mume wa mkonge, akirudi akute uji."

Walicheka, na Luhala alicheka nao, lakini alihisi uso wake ukipata moto. Hakupanda kumwambia. Hata hivyo kilimani maneno hushuka na kupanda. Siku moja, baada ya mvua, alimwona Sekalinga akiteremka njia ya mawe polepole, jiwe juu ya kichwa, mkono mmoja ukilishika na mwingine ukitafuta matawi ya kujishikilia. Alikimbia kumpokea.

"Lishike vizuri," alisema mama yake. "Lina mgongo mbovu kama mimi."

Luhala alitoa gunia, akaweka jiwe, akapaka udongo pembeni. Ukuta ukafunga. Ndani ya nyumba mwanga ulipungua na upepo ukakatika. Sekalinga alisimama nje, akapitisha kiganja kwenye bonde la jiwe lake, halafu kwenye la jirani yake, halafu kwenye la tatu. Luhala alipotoka alimkuta bado anayashika.

"Ukiwa ndani humo, unasikia nini?"

"Kinu."

"Na nini kingine?"

"Kinu tu, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Kisha akauliza kama ana chumvi ya kumpa, akapewa, akapanda.

Asubuhi iliyofuata watu wa Ilundule walilala mpaka jua likawafikia miguuni. Waliamka wakiwa na furaha. Waliulizana kama kuna aliyewahi kulala hivyo, na hakuna aliyekumbuka. Ilichukua muda kabla mtu hajatamka kwamba asubuhi zimekuwa ndefu, na alipotamka, mwenzake alimwambia aongeze blanketi.

Luhala hakulala sana. Kazi ilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri. Watu walitoka hata vijiji vya mbali, na kuanzia kuchomoza kwa jua hadi giza mawe ya kinu yalizunguka. Ndani ya kuta nne kelele haikuwa na pa kutokea. Mteja alisimama mbele yake akifungua na kufunga mdomo, naye alijifunza kutikisa kichwa, kuonyesha kwa kidole, kupokea na kurudisha. Alikuwa akikutana na kila mtu wa kijiji, na hakuzungumza na yeyote. Jioni akifunga lango la maji, masikio yake yaliendelea kuvuma hadi alipolala. Unga ulimjaa kwenye nyusi. Watoto walianza kumwogopa.

Jumapili alipanda kwa mama yake na mfuko wa unga. Walikula pamoja, akamkatia kuni, akashuka. Kisha mavuno yakaingia na Jumapili moja ikawa na foleni hadi mfereji. Alimpa Twilumba mzigo mkubwa amfikishie, unaotosha kwa muda mrefu, akamwambia amweleze mama kwamba atapanda foleni ikipungua. Twilumba aliufikisha. Alisema baadaye kwamba Sekalinga aliutazama mzigo akauliza, "Huu wote ni wa nani?"

Halafu ukungu ukaja. Wanaoishi nchi ile wanaujua ukungu wa msimu wa baridi: hushuka asubuhi, hukaa, na hauondoki kwa kuambiwa. Kutoka bondeni huoni moshi wa nyumba za juu. Unaona weupe tu. Watu walikwenda kinuni wakapita chini ya njia ya Sekalinga, wakarudi kwa njia ileile. Hakuna aliyepanda. Kupanda asubuhi kungekuwa kubisha hodi. Kupanda jioni kulikuwa mbali. Na hapakuwa na jiwe lililonyamaza ghafla la kumshtua mtu, kwa sababu yote yalikuwa yamenyamaza.

Mbuzi wa Twilumba ndiye aliyepanda. Alikata kamba akapotelea kwenye ukungu, na Twilumba akamfuata kwa mlio wake mpaka ua wa nyumba ya juu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliita, akangoja, akasukuma. Jiko lilikuwa na majivu ya baridi. Sekalinga alikuwa amelala kando yake, ubavu, blanketi limemfunika hadi mabegani. Mzigo wa unga ulikuwa ukutani, umefunguliwa kidogo sana.

Twilumba alishuka mbio hadi kinuni. Alisimama mlangoni akasema alichokuwa nacho. Luhala alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kupokea kikapu. Hakukuwa na kikapu. Twilumba alisema tena, kwa nguvu, na machozi yakimtoka, na Luhala akaonyesha foleni kwa kidole. Ndipo mwanamke yule alipotoka nje, akazunguka nyumba hadi kwenye mfereji, na kwa mikono yake mwenyewe akaangusha lango la maji. Gurudumu lilipunguza mwendo, likasimama. Watu wa foleni waligeuka. Akarudi mlangoni, na katika ukimya ule akamwambia.

Walimzika kesho yake. Lakini mazishi hayakumaliza jambo.

Desturi ya Ilundule ilikuwa kwamba matanga huhesabiwa kuanzia siku pumzi ilipotoka, wala si siku ya kaburi. Kila siku ilikuwa na lake: siku ya kufagia ua, siku ya kunyoa, siku ya kuzima moto wa msiba na kuwaruhusu wafiwa warudi kazini. Ukikatisha mapema umemfukuza marehemu. Ukichelewesha umemzuia njiani. Hesabu ilikuwa mikononi mwa Mzee Nyagawa, kama ilivyokuwa mikononi mwa baba yake. Aliketi uani kwa Sekalinga, watu wakiwa wamemzunguka, akauliza swali ambalo halikuwahi kumpa shida mtu yeyote.

"Nani alimsikia mwisho?"

Hakuna aliyekuwa amemsikia.

"Basi nani alimwona?"

"Nilimwona anaanika maharage," alisema mwanamke mmoja.

"Lini?"

"Kabla ya ukungu."

Ukungu ulikuwa umekuja zamani, na kila mtu alilijua hilo.

"Mimi nilidhani yuko kwa mwanawe," alisema mwingine.

"Mimi nilidhani amelala. Siku hizi si tunalala."

Mke wa Nyagawa alisema alipita chini ya njia, akataka kupanda, akakumbuka kwamba ni asubuhi. Alisema hivyo na kujifunika uso kwa khanga. Waliendelea kuulizana, mmoja baada ya mwingine, hadi zamu ikamfikia Luhala.

"Nilidhani ana unga wa kutosha," alisema.

 Mzee Nyagawa alikuwa amezika watu wengi na hakuwahi kukosa siku.

"Siwezi kuanza kuhesabu mahali nisipopajua," alisema mwishoni. "Tukae."

Wakakaa. Jamaa na majirani walikuja kwa zamu, lakini watu wana mashamba na watoto, na ua ulipungua. Luhala hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Aliyefiwa na mama hakushika kazi mpaka moto uzimwe, wala mtu mwingine hakugusa vyombo vyake vya kazi. Alikaa kwenye ngozi mlangoni, akitazama ukungu. Kelele ya kinu ilimtoka masikioni kidogo kidogo. Ilipokwisha kabisa aligundua kwamba hakuna kilichoingia mahali pake. Alfajiri aliamka kama alivyoamka utotoni, akangoja, na hakuna kilicholia, si hapo ndani wala vilimani. Alijiuliza mama yake alikuwa amezisikiliza alfajiri ngapi za namna ile. Hilo nalo hapakuwa na wa kumwambia.

Chini, nyumba ya kinu ilisimama imefungwa, na unga ukaanza kuwaishia watu. Walichemsha mahindi mazima. Wenye meno walitafuna. Wazee na watoto wachanga walipata maji ya mahindi. Siku ilifika ambapo Twilumba alipanda, wanawake wengine wakiwa nyuma yake, akapiga magoti mbele ya Luhala.

"Kaka, tumekuvumilia na msiba wako, na msiba ni wetu pia. Lakini watoto wanatafuna mahindi kama mbuzi. Hatukuombi ufungue kinu. Tungesaga wenyewe, ila mawe yetu yako ukutani kwako."

Luhala alimtazama Nyagawa, aliyekuwa ameketi pale jua kidogo lilipofika.

"Mzee, nikishika kazi nitakuwa nimemkosea?"

Nyagawa alikuna kidevu. "Mfiwa hajengi, halimi, hasagi. Hayo niliyasikia kwa baba yangu. Kuhusu kubomoa hakuniambia kitu."

Walishuka wote. Luhala alichukua mtaimbo, akauchomeka pembeni mwa jiwe la mwisho kuwekwa, akalitoa kwanza, akaliweka kando. Kisha akaanza juu kwenda chini. Udongo ulikuwa umekauka na ukuta haukutaka kuachia. Hakuna aliyemsaidia kubomoa, kwa sababu haikujulikana kama desturi inawaruhusu, lakini kila jiwe lilipoanguka wanawake walilivuta, wakalimwagia maji ya mfereji, wakaingiza viganja vyao kwenye bonde lake. Kwa macho mawe yalifanana. Kwa viganja hayakufanana.

"Hili si langu. La nani hili, mwenye kusukuma kwa kushoto?"

"Lete. Ni la kwetu."

"Na lile nililoliita mchawi?" mke wa Nyagawa aliuliza. Alipolipata alilifuta kwa khanga yake mwenyewe.

Jioni ukuta haukuwepo. Wanawake walipanda vilima vyao wakiwa wamebeba. Luhala alibeba jiwe la mama yake hadi nyumba ya juu, akalilaza mahali pake, penye alama mbili za magoti sakafuni. Kisha, kwa kuwa hakuweza kulala karibu nalo, aliomba ruhusa kwa Nyagawa akashuka kulala chini ya paa la kinu.

Alfajiri aliamka. Nyumba ilikuwa wazi, na kijiji chote kilikuwa mbele yake, gizani, pamoja na vilima vyake. Upepo ulimpiga usoni. Alijua kwamba katika kila nyumba mwanamke amekwisha kupiga magoti, ulezi uko juu ya jiwe, mikono iko tayari. Aliona mwanga wa moto kwenye nyufa za milango. Alisikiliza. Hakukuwa na sauti.

Ikaendelea hivyo. Mwanzoni alifikiri wamechelewa. Baadaye alielewa. Walikuwa wanamngoja aanze yule aliyekuwa akianza siku zote. Hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake. Kila mmoja alipiga magoti peke yake na akangoja, kwa mazoea ya miaka yote, jiwe la nyumba ya juu. Na jiwe la nyumba ya juu halikulia. Kijiji kizima kilisikia kwa pamoja kwamba halikulia.

Kisha likasikika jiwe lenye ufa, la Twilumba. Likafuata la pili, na la tatu, na lile zito la kina Nyagawa, hadi vilima vyote vikawa vinasaga. Luhala alikaa ukingoni mwa sakafu, miguu ikining'inia pale ukuta ulipokuwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Jua lilipochomoza Mzee Nyagawa alishuka, akiegemea fimbo. Hakuingia. Aliita kutoka njiani, na Luhala alimsikia kila neno.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na mimi. Na wote." Alichora mstari mmoja ardhini kwa ncha ya fimbo. "Leo ndiyo siku tuliyomkosa. Tunahesabu kuanzia hapa."

Wakahesabu. Ua ukafagiwa siku yake, Luhala akanyolewa siku yake, moto ukazimwa siku yake. Alipofungua tena kinu, watu walimletea mawe ya duara na mapya ya kuchonga ili azibe upande ule, kwa sababu upepo ulikuwa ukibeba unga kama siku ya majaribio. Aliwashukuru, akayatumia kuimarisha mfereji.

Na tangu siku hiyo nyumba ya kinu cha Ilundule ina kuta tatu. Paa limebadilishwa, kutoka nyasi hadi bati. Gurudumu limeundwa upya mara nyingi. Wataalamu wa majengo hufika na kamba zao za kupimia, huandika kwamba ukuta mmoja ulianguka, na hushauri ujengwe. Watu huwapa ulanzi, pombe yao ya mianzi, huwasikiliza, na hawaujengi. Anayesaga hapo anajua kwamba sehemu ya unga wake itakwenda na upepo, naye huleta mahindi zaidi kidogo.

Na tangu siku hiyo kila nyumba ya Ilundule ina jiwe la kusagia, hata ile yenye umeme, na kila alfajiri mtu hulisukuma juu ya konzi ya ulezi, au juu ya kitu chochote, au bila kitu. Kabla ya jiwe la kwanza huwa kuna ukimya. Mgeni huuona mrefu. Mwenye kinu hukaa upande ulio wazi akiwa amejifunika blanketi, mkono ukiwa juu ya lango la maji, akisikiliza mpaka mawe yote yalie. Yakilia yote, hufungua. Likikosekana moja, huliacha lango lilivyo, hushika njia ya nyumba hiyo, na kubisha hodi. Waliokwisha kufika na magunia yao huketi chini kumngoja, na hakuna anayeuliza atarudi saa ngapi.